Bidii Bila Ahadi: Jukumu la mtu katika hekima ya Kiyahudi

Mhamasishaji akitaka kuwachochea watu wafanye kazi, hachelewi kuwataja Wayahudi. Utasikia kwamba wana siri ya utajiri, kwamba vitabu vyao vya kale vinafundisha kuwa anayejituma lazima atafanikiwa, na kwamba aliye maskini amejitakia. Maneno haya nimeyasikia kwenye semina za ujasiriamali na kwenye mahubiri, na kila mara huniuma. Yanawabandika Wayahudi ile sura ya watu wa fedha iliyowaponza Ulaya kwa karne nyingi, na yanamtwika maskini lawama juu ya njaa. Tena ukifungua vitabu vyenyewe, hayamo. Kilichomo ni fundisho gumu zaidi, na kwa maoni yangu lenye utu zaidi: mtu anadaiwa juhudi yake yote, na hakuna aliyemwahidi matokeo.

Tuanze na fungu linaloelekea kuwaunga mkono wahamasishaji. Katika Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mijadala ya marabi, kwenye kitabu cha Megila, Rabi Yitzhak anazungumzia watu watatu wanaokuja na taarifa ya kazi yao. Wa kwanza anadai alihangaika na hakupata kitu. Wa pili anadai alipata bila kuhangaika. Rabi anasema hao wawili wasisadikiwe. Wa kusadikiwa ni wa tatu, aliyehangaika akapata. Wengi hufunga kitabu hapo. Talmudi yenyewe haikufunga. Mara tu baada ya maneno hayo inaweka mpaka: hiyo ni habari ya kusoma Torati. Kwenye biashara, kupata kunategemea msaada wa mbinguni. Kisha mpaka unasogezwa tena, kwamba hata katika Torati jambo hilo linahusu kuielewa na kuinoa akili tu. Kuyashika uliyosoma yasikupotee nako kunahitaji msaada wa mbinguni.

Ni ajabu kuwatazama wanazuoni hawa wakifanya kazi. Wamepewa kauli nzuri, inayofaa kubandikwa ukutani, nao kila wanapoigusa wanaipunguza. Mwishoni inabaki sehemu ndogo ambamo bidii kweli huzaa tunda lake kwa uhakika, na sehemu hiyo ni ndani ya mtu mwenyewe: akili yake na tabia yake. Nje ya hapo kuna mvua, kuna bei, kuna maradhi, kuna wafalme.

Rava, mwanazuoni wa Babeli wa karne ya 4, alikwenda mbali zaidi. Alifundisha kwamba umri, watoto na riziki havitegemei wema wa mtu bali nyota yake. Ushahidi aliouleta haukutoka kwenye maandiko, ulitoka kwenye nyumba mbili alizozijua. Wanazuoni wenzake Raba na Rav Hisda walikuwa wote wachamungu, na inasemekana kila mmoja wao aliomba mvua na mvua ikanyesha. Lakini Rav Hisda aliishi miaka 92 na Raba 40. Kwa Rav Hisda zilifanyika harusi 60. Kwa Raba misiba 60. Kwa Rav Hisda hata mbwa walilishwa mkate wa ngano safi na ukabaki. Kwa Raba mkate wa shayiri walitafutiwa watu, na hawakuupata. Ukishasoma habari hiyo, huwezi tena kumtazama jirani aliyefilisika ukasema, kwa jina la hekima ya Kiyahudi, kwamba hakujituma.

Sidai kwamba mapokeo haya yana sauti moja. Kumbukumbu la Torati linafunga mvua na utii kwa kamba moja, na Myahudi mshika dini husoma fungu hilo mara mbili kila siku katika sala ya Shema. Kitabu cha Mithali kinamtuma mvivu kwa chungu akajifunze. Lakini katika mkusanyo huohuo wa maandiko wamo Mhubiri, aliyeona kwamba wenye mbio si lazima washinde, na Ayubu, ambaye rafiki zake walimshikilia kwamba mateso yake lazima yana sababu kwake, hadi Mungu mwenyewe akawakasirikia wao. Marabi walivirithi vitabu hivi vyote na hawakukitupa hata kimoja. Walichofanya ni kutenganisha maswali. Kuhusu riziki, kila mmoja alisema lake. Kuhusu jukumu, walibana.

Rabi Hanina alifundisha kwamba kila kitu kiko mikononi mwa mbingu isipokuwa kumcha Mungu. Talmudi inaifafanua kauli hiyo kwa hadithi ya malaika anayesimamia mimba. Malaika huyu anaitwa Laila, yaani usiku, neno lilelile tunalolisikia katika Lailatulkadri. Analichukua tone la mbegu, analiweka mbele ya Mungu na kuuliza: huyu atakuwa nani? Mwenye nguvu au dhaifu? Mwerevu au mjinga? Tajiri au maskini? Anapata majibu yake yote. Swali moja halijui na haliulizi, kama atakuwa mwema au mwovu. Ukitazama vizuri utaona kwamba hadithi imeiachia kudura mambo mengi kupita ambavyo wengi wetu tungependa. Nguvu, akili, mali, vyote vimekwishaamuliwa. Limebaki jambo moja tu halina mwenyewe mbinguni, na kwa kuwa halina mwenyewe mbinguni, mwenyewe ni wewe.

Kwetu mtu akikamatwa na kosa husema shetani alimpitia. Marabi walikuwa na hadithi iliyomlenga mtu wa namna hiyo. Elazar ben Durdaya alikuwa mzinzi wa kupindukia, mtu aliyewahi kuvuka mito saba kumfuata mwanamke mmoja, na mfuko wa dinari mkononi. Mwanamke huyo ndiye aliyemwambia kwamba toba yake haitapokelewa kamwe. Neno likamwingia. Akaenda kukaa kati ya milima, akaiomba milima na vilima vimwombee rehema. Vikakataa, kwa kuwa navyo vina mambo yao ya kuombewa. Akaziomba mbingu na nchi, zikakataa. Jua na mwezi, hali kadhalika. Nyota na makundi yake, vivyo hivyo. Hapo akaelewa kwamba jambo hili liko kwake peke yake. Akainamisha kichwa katikati ya magoti, akalia mpaka roho ikatoka, na sauti kutoka juu ikatangaza kwamba Rabi Elazar ben Durdaya ameandaliwa uzima wa ulimwengu ujao. Rabi Yehuda ha-Nasi aliposikia habari hiyo naye alilia: wako wanaohangaika miaka mingi kuipata nafasi hiyo, na yuko anayeipata kwa saa moja, tena akaitwa rabi.

Wafasiri wengine wameiona milima ile kuwa wazazi, na mbingu na nchi kuwa mazingira ya mtu. Mimi naipenda hadithi hata bila tafsiri. Kila alichokiomba kilikuwa kikubwa kuliko yeye na cha kale kuliko yeye, na hakuna kilichomdharau. Kila kimoja kilimjibu tu kwamba kina deni lake.

Fundisho hili halikukaa kwenye hadithi. Liliingia katika sheria, na kwa ladha yangu huko ndiko linakoonekana wazi zaidi, kwa sababu sheria hulazimika kutaja kitu kwa kitu. Mishna, mkusanyo uliokamilishwa na huyohuyo Yehuda ha-Nasi mnamo mwaka 200 hivi, inamlinganisha mtu na ng'ombe. Ng'ombe aliyezoeleka kuwa mpole akipiga pembe kwa mara ya kwanza, mwenyewe hulipa nusu ya hasara. Akishaonywa mara tatu na bado akapiga, hulipa yote. Na mtu? Mtu huhesabiwa kuwa ameonywa daima, awe amekusudia au hakukusudia, awe macho au amelala. Akimtoboa mwenzake jicho au kuvunja vyombo vyake, analipa hasara nzima. Sisi husema ajali haina kinga. Mishna ingejibu kwamba kinga ni wewe. Torati yenyewe imeagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Aliyekaa kwenye nyumba za paa bapa za miji ya zamani ya pwani, ambako watu hulala juu wakati wa joto, hahitaji kufafanuliwa agizo hilo.

Tuna pia methali kwamba mjumbe hauawi. Katika vita na posa ni methali ya haki kabisa. Lakini marabi waliuliza: mjumbe akitumwa kutenda dhambi, je, dhambi ni ya aliyemtuma? Walijibu kwamba, ukiacha mambo machache, hakuna uwakala katika uovu. Ukisikia neno la mwalimu na neno la mwanafunzi yanapingana, utamtii nani? Mungu amekukataza na bosi amekuagiza. Uliyemchagua ni bosi, na kuchagua kumekuwa kwako. Kila ninaposoma habari za mauaji ya halaiki, Ulaya au Rwanda, na kuona washtakiwa wakijitetea kwamba walikuwa wakitekeleza amri, nakumbuka kwamba swali hili lilishaamuliwa kwenye madarasa ya Babeli karne nyingi kabla ya mahakama zetu.

Wala jukumu haliishii kwenye mkono uliotenda. Kumbukumbu la Torati linaeleza maiti ikiokotwa porini na muuaji hajulikani: wazee wa mji ulio karibu zaidi wanashuka bondeni, wanaosha mikono na kutamka kwamba hawakumwaga damu hiyo. Mishna inashtuka. Nani angedhani wazee ndio waliomuua? Inaeleza kwamba wanalazimika kuthibitisha jambo jingine: kwamba mtu huyu hakupita mjini kwao wakamwacha aende bila chakula, wala hawakumwona wakamwacha aondoke bila wa kumsindikiza. Anayesoma hapo anaona kusindikiza mgeni kukipandishwa kutoka adabu hadi hukumu ya damu.

Na kosa likishatendwa, hakuna njia ya mkato ya kulifuta. Yom Kipuri, siku ya kufunga na kuungama, huondoa makosa kati ya mtu na Mungu. Kosa kati ya mtu na mwenzake halifutiki mpaka mwenzake aridhishwe. Na anayejiambia atakosa kisha atubu, hapewi nafasi ya kutubu. Musa bin Maimuni, anayejulikana Magharibi kama Maimonides, alizipanga kanuni hizi hatua kwa hatua. Uliyemkosea akikataa kusamehe, mwendee na watu watatu, na umrudie hadi mara tatu. Akiwa amekufa, chukua watu kumi, nenda kaburini kwake, ukaungame hapo. Toba iliyotimia, kwake, ni kufika tena mahali palepale, na nafasi ileile, na nguvu zilezile, na usitende. Neno la Kiebrania ni teshuva, yaani kurejea, ndugu wa toba yetu iliyotufikia kwa Kiarabu.

Hapo mtu mwenye haki atauliza: na aliyezaliwa kati ya wezi? Nabii Ezekieli, akiwa uhamishoni Babeli, aliikataa methali ya watu wake kwamba baba hula zabibu chungu na watoto wakafa ganzi meno. Kila mtu, alisema, atajibu yake. Maimuni naye alishikilia kwamba kila mmoja ana uwezo wa kuwa mwema kama Nabii Musa. Nakiri kwamba kauli hizo zimewahi kuonekana kwangu kuwa kali kwa mtoto wa mtaani. Jibu lililoniridhisha ni la Rabi Eliyahu Dessler, aliyezaliwa katika dola ya Urusi mwaka 1892, akafundisha Gateshead huko Uingereza na kufariki Bnei Brak mwaka 1953. Dessler aliufananisha uhuru wa mtu na vita. Nchi ni kubwa, lakini mapigano yanapiganwa kwenye mstari mmoja tu, majeshi yanapokutana. Nyuma ya mstari huo kuna maeneo yaliyokwishatekwa na upande huu au ule. Aliyelelewa na majambazi hana vita kuhusu kuiba. Hilo halimjii kama swali. Vita yake iko pale anapogunduliwa: apige risasi ili atoroke, au asipige? Hapo yuko huru kama mwanazuoni alivyo huru mbele ya jaribu lake dogo. Akishinda, mstari unasogea, na kesho vita inapiganwa mbele kidogo. Kwa hiyo hakuna anayeweza kumpima mwenzake kwa kuangalia alipofika. Cha kupimwa ni umbali aliosogea, na umbali huo hauonekani kwa nje.

Ikiwa uwanja wa juhudi ni tabia, basi juhudi yenyewe hufanyikaje? Maimuni alitoa mfano wa fedha. Mtu ana dinari 1,000 za sadaka. Anaweza kumpa maskini mmoja zote kwa mkupuo, au kufungua mkono mara elfu, dinari moja kila mara. Alisema la pili ni bora, kwa sababu mkono uliofunguka mara elfu umekuwa mkono mwingine. Uliofunguka mara moja umesisimka na kurudi ulivyokuwa. Wazo hili lilishika moto Lithuania katika karne ya 19, Rabi Israel Salanter, aliyefariki mwaka 1883, alipoanzisha harakati ya Musar, yaani malezi ya tabia. Watu wazima, wafanyabiashara na mafundi, walihimizwa kuitazama tabia kama somo la kila siku. Kitabu kimoja walichokitumia, kilichoandikwa na Menachem Mendel Lefin na kuchapishwa mwaka 1808, kilikuwa na majedwali: sifa 13, kila moja wiki yake, na kila usiku alama za makosa ya siku. Mfumo huo ulitoka kwa Mmarekani Benjamin Franklin. Katika chuo cha Novaradok, kilichoanzishwa mwaka 1896, wanafunzi walitumwa kuingia duka la dawa na kuomba wauziwe misumari, ili waizoee fedheha na wasitawaliwe na hofu ya macho ya watu. Sina hakika kwamba kila aliyefanya zoezi hilo alitoka salama. Naheshimu hata hivyo uzito waliouweka kwenye jambo ambalo sisi huliachia umri ulitengeneze lenyewe.

Hakuna katika haya kinachoidharau kazi ya mikono. Talmudi inamwajibisha baba amfundishe mwanawe ufundi, na wako walioongeza kuogelea. Rabi Yehuda alisema asiyemfundisha mwanawe ufundi anamfundisha ujambazi. Mwanazuoni Hillel alikuwa kibarua. Rabi Yehoshua alijipatia riziki katika moshi wa makaa, na habari hiyo inatufikia kwa njia ya uchungu: Raban Gamlieli, mkuu wa wanazuoni, alimwendea nyumbani kumwomba radhi baada ya kumdhalilisha hadharani, akaona kuta nyeusi za masizi, akasema kuta zinamtambulisha kuwa ni mtu wa makaa. Yehoshua akamjibu kwamba ole wake kizazi kinachoongozwa na mtu asiyejua wanazuoni wake wanakula nini na wanahangaikaje. Kiongozi alikuja kuomba msamaha wa kosa moja, akaoneshwa jingine ambalo hakujua analo.

Na hapa ndipo utengano wa bidii na riziki unapozaa matunda yake. Kama umaskini ungekuwa hukumu ya uvivu, sadaka ingekuwa hisani kwa mkosaji. Kwa Kiebrania sadaka ni tzedaka, kutoka mzizi wa haki. Maimuni alipanga ngazi 8 za kutoa. Ya chini kabisa ni kutoa kwa kinyongo. Ya juu kabisa ni kumshika mtu anayeanza kuanguka, kwa zawadi, mkopo, ubia au kumtafutia kazi, hadi asihitaji kuomba. Anayetoa kwa namna hiyo hamuulizi mwenzake kwa nini alianguka. Anamrudishia uwanja wa kujitahidi.

Maimuni aliyajua haya kwa mwili wake. Alizaliwa Cordoba katika miaka ya 1130, familia yake ikahama kwa mateso ya kidini hadi Misri. Huko mdogo wake Daudi alifanya biashara ya vito, na kwa kazi yake Musa akapata kukaa na vitabu. Imebaki barua ya Daudi, iliyookotwa katika ghala la sinagogi la Kairo na kuhifadhiwa Cambridge. Ameiandika akiwa Aydhab, bandari ya Bahari ya Shamu. Amevuka jangwa kwa hatari, amefika, na hakukuta bidhaa ya maana ila nili. Ameona asirudi mikono mitupu. Atapanda jahazi aende India. Anamsihi kaka yake amtulize mke aliyemwacha nyumbani. Daudi alifanya kila ambacho mfanyabiashara mwenye bidii angefanya. Alizama katika Bahari ya Hindi, na mali yake, ya Musa na ya watu wengine ikazama pamoja naye. Aliacha mjane na binti mdogo.

Musa aliugua, akalala kitandani karibu mwaka mzima. Alipoinuka aliishi kwa utabibu. Mwaka 1199, akiwa mzee, alimwandikia mfasiri wake Samuel ibn Tibbon kumweleza kwa nini asifunge safari kuja kumtembelea. Kila asubuhi na mapema anapanda mnyama wake kutoka Fustat anakoishi kwenda Kairo kwa sultani, na hata siku isiyo na mgonjwa ikulu harudi kabla ya alasiri. Anafika nyumbani na njaa, anakuta baraza imejaa: Wayahudi na wasio Wayahudi, wakubwa na wadogo, mahakimu, marafiki na maadui. Anashuka, ananawa mikono, anawaomba wamsubiri ale kidogo, mlo wake pekee kwa siku nzima. Kisha anatoka kuwaona. Anawaandikia dawa hadi usiku unaingia, na mara nyingine saa mbili na zaidi ndani ya usiku, akizungumza nao amelala chali kwa uchovu, na bado wengine wanaingia.